Malalamiko Dhidi ya Mwalimu Yasinta kwa Kupiga Kinanda Vizuri Kupita Kiasi

Mustafa Mhina,
Muuzaji wa Spika na Vinanda vya Umeme,
Korogwe.

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Wazee, Kanisa la Kilimani,
Njia ya Lutindi.

Mheshimiwa Mzee Nicolaus,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wazee wenzako, ingawa mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Kwaluguru, na mambo ya kanisa lenu hayanihusu. Yalikuwa hayanihusu mpaka Alhamisi ya wiki iliyopita.

Utakumbuka baraza lako lilinipigia simu nilete kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, ili kile cha mabomba kilichoachwa na wamisionari king'olewe, mabomba yauzwe chuma chakavu, na kanisa liende na wakati. Wazo zuri sana. Nilikipakia kinanda changu kwenye bodaboda, nikakikumbatia kama mgonjwa hadi mlangoni kwenu. Hapo ndipo nilipodhulumiwa, kama ifuatavyo:

1. Sikuonywa. Mlangoni hapakuwa na kibao wala mlinzi. Ndani alikuwamo Mwalimu Yasinta, mstaafu wa shule ya msingi, mama wa miaka sitini na miwili mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akifanya mazoezi kwenye kile kinanda cha mabomba. Mzee Simeo, mfagiaji wenu, ndiye aliyeninong'oneza kwamba muziki ule ulitungwa na Wajerumani wa miaka mia tatu iliyopita. Ilianza sauti moja, ndogo, kama mtu anayejisemea jikoni. Ikaja ya pili, ikarudia yaleyale kwa juu, huku ya kwanza ikiendelea na habari nyingine. Ikaingia ya tatu. Nikasema sasa watagombana, maana nyumbani kwangu watu watatu hawajawahi kusema kwa pamoja pasipo mmoja kulia. Hawakugombana. Kila mmoja alisema lake lote, na kila mmoja nilimsikia. Kisha ya nne ikatoka chini, nzito, benchi nililokalia likatetemeka. Nilipokumbuka kinanda changu, kilikuwa nje, na mvua ilikuwa imeshakimaliza.

2. Miguu. Nilimsogelea nikamuuliza, "Shikamoo mwalimu, hiyo sauti nzito anaipiga nani?" Akajibu bila kugeuka, "Marahaba baba. Ni miguu yangu. Mikono ina kazi nyingine." Nikafanya kosa la kumsimulia mke wangu, Zuena. Tangu siku hiyo, kila akinikuta nimekaa na kikombe cha chai, ananiuliza kwa upole, "Na miguu yako, baba Faudhia, yenyewe inafanya kazi gani?"

3. Biashara. Jumamosi alikuja mteja kutoka Sindeni, anatafuta kinanda cha harusi ya dada yake. Nikambonyezea ngoma: du-du-pa, du-du-pa. Nikajikuta nasubiri sauti ya pili iingie. Haikuingia. Nikabonyeza tena, labda imechelewa. Mteja akaniuliza, "Kaka, mbona unasikitika?" Nikamwambia ukweli: "Hiki kinasema neno moja tu, tena hakuna wa kukijibu." Akaenda duka la jirani.

4. Waumini wenu. Hawa kwa kweli nawapongeza. Jumapili nilipanda tena kilimani, kutafuta ushahidi tu, nikasimama nje ya dirisha. Ibada ilipokwisha mwalimu akaanza wimbo wa kuwasindikiza. Waumini wakaburuta mabenchi. Wawili wakaulizana habari za mbolea. Mmoja akapokea simu na kumwelekeza mtu njia ya Mombo, kwa sauti iliyoyashinda mabomba. Dada Joyceline alijipiga picha, mabomba yakiwa nyuma yake, akaondoka kabla hayajanyamaza. Na wewe, mzee wangu, ulitangulia wote, kama kiongozi. Mama yule amejifunza miaka arobaini asikosee, nanyi mmejifunza miaka arobaini msimsikie, na kwa macho yangu ninyi ndio mliofuzu. Alipomaliza alifunika kinanda kwa kitambaa, akavaa viatu vyake taratibu, akawashukuru waliobaki. Aliyebaki alikuwa Mzee Simeo na ufagio.

Mimi sijajaliwa kipaji chenu. Nikisikia, nasikia.

5. Hakosei. Hili ndilo zito kuliko yote. Mtu akikosea, msikilizaji hupata nafasi ya kupumua, kucheka kidogo, kukumbuka shughuli zake. Nilimsubiri akosee siku mbili nzima. Hakunitendea wema huo hata mara moja.

Kwa hiyo naliomba baraza, kwa unyenyekevu, limwagize akosee walau mara tatu katika kila wimbo. Pili, miguu yake ipumzishwe, kama ya waume za watu. Na hayo yakishindikana, basi kura yenu ya Jumapili ijayo isiwe na huruma: king'oeni. Nasikia mabomba yale yakikatwa hutoa majiko mazuri ya mkaa. Jiko halijawahi kumzuia mtu asirudi nyumbani kwake.

Wasalimie wazee wote wa baraza, wanakwaya, Mzee Simeo, na Mwalimu Yasinta pia, ila msimwambie salamu zimetoka kwa nani.

Ndimi niliyejeruhiwa masikioni,
Mustafa Mhina.

Nyongeza: Barua hii ilikwisha kuingia kwenye bahasha Mwalimu Yasinta aliponipigia simu. Mama Efrazia, anayemfunulia kurasa za nota akipiga, amelazwa kwa malaria, na macho ya Mzee Simeo hayaoni mbali. Ameniomba mimi. Nikamweleza kwamba sijui nota hata moja. Akasema, "Usijali baba, nitakutikisia kichwa." Wimbo wenyewe una kurasa kumi na moja, na ataupiga ibada ikiisha, kabla hamjapiga kura. Tangu jana nimefunga duka, nafunua daftari la Faudhia mbele na nyuma mpaka limechanika. Basi mzee wangu, hayo ya juu yasome ukipenda, lakini Jumapili nakuomba ukae. Nitasimama pale juu, pembeni ya mwalimu, na kutoka pale mlango wote unaonekana. Ukiinuka kabla ya ukurasa wa kumi na moja, nitakuona.