Sili ya Pikapu ya Mazengo

Ubishi ulianzia kwenye gazeti la Seleman. Hapa kijiweni Miyuji tunamwita Redio, maana ukishamwasha hazimiki.

"Sikieni! Shirika jingine limeuzwa. Wanasema siku za uhaba zimekwisha. Sasa ni ruksa, mwenye hela anaingia dukani anachukua anachotaka."

"Duka gani hilo?" Mazengo aliuliza kwa hasira. "Waambie waniuzie sili."

Mazengo alikuwa karani. Alipopunguzwa kazi, kiinua mgongo chote alinunulia pikapu kuukuu, nayo ndiyo ilikuwa mbele yetu, imepandishwa juu ya mawe, tairi la nyuma limetolewa, fundi wetu Iddy Spana amelala uvunguni. Sili ya ekseli, kile kipete cha mpira kinachozuia oili, ilikuwa imekufa na oili ya difu inamwagikia kwenye breki. Kesho yake alfajiri pikapu hiyo hiyo ilitakiwa kupeleka vyombo vya harusi vya Khairat kwa mumewe, Babati.

"Ile mpya ya Dubai imekaa siku mbili tu," Spana alisema kutoka uvunguni. "Kung'aa inang'aa, kazi haifanyi. Hii gari inataka sili za zamani, zile za shirika."

Wote tukamgeukia Mbwana, baba yake Khairat. Miaka yote ya uhaba Mbwana alikuwa mtunza stoo wa shirika la mabasi. Siku alipopunguzwa kazi, stoo nayo ikapungua, na haukupita muda akafungua duka la vipuri uani kwake. Duka limejaa mpaka darini, lakini yeye mwenyewe anashinda hapa akinywa kahawa, na hatujawahi kumwona akiuza hata nati.

"Hakuna," Mbwana alisema kabla hajaulizwa.

Spana akachomoka uvunguni, akapangusa mikono. "Shikamoo, mzee Mbwana."

"Marahaba. Hakuna."

"Mzee, nimeziona kwa macho yangu. Boksi zima, rafu ya juu."

"Zile za akiba."

"Akiba ya nani?"

"Ya mtu atakayekuwa na shida."

"Mimi nina shida!" Mazengo alivua kofia akaipiga chini.

"Kila mtu anasema hivyo. Nikikutolea wewe, akija mwenye shida ya kweli nitamjibu nini?"

"Si utamjibu kama unavyotujibu sisi!" Redio alidakia, kahawa ikampalia kwa kucheka.

Mbwana hakucheka. "Chekeni tu. Ule mwaka uhaba ulipozidi, stoo yangu haikuishiwa sili hata siku moja."

"Na mabasi ya shirika yalikuwa yanatembea?" Redio aliuliza.

"Mabasi hayakuwa idara yangu."

Mazengo akamsogelea. "Kesho nani anakaa mbele na mimi?"

"Mimi. Baba wa bibi harusi akae wapi tena?"

"Mteremko wa Bereku unaujua?"

"Naujua."

Spana akamnyanyulia kiatu cha breki, oili inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Breki zako hizi, mzee. Nikizifuta kwa petroli zinaweza kukufikisha Kondoa. Huko mbele tutasoma dua."

Mbwana akatoka jasho. Nilimhurumia, kusema kweli. Aliangalia breki, akaangalia njia ya kwake, akaangalia breki tena. Hatimaye akasimama taratibu, funguo mkononi.

"Nitatoa moja. Moja tu! Na mtu asijue."

Tulimpigia makofi mpaka akapotea kwenye kona. Redio alisema habari hiyo ilistahili ukurasa wa kwanza.

Akarudi mikono mitupu, uso umemsawajika.

"Hakuna."

"Mbwana, umeanza tena!" tulimpigia kelele.

"Wallahi hakuna! Boksi lipo, sili hazimo!"

Nani angemwamini? Redio alimwita mchawi wa vipuri. Mimi nilimwambia aone aibu, kwa binti yake mwenyewe. Mazengo alikaa juu ya tairi, kichwa mikononi, maana hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya maana tangu anunue gari, na aliitangaza mpaka Ipagala.

Ndipo akaja Mwanamvua, mke wa Mbwana, anajifunga kanga vizuri.

"Jamani, leo mnamwonea bure. Nimeuza mimi. Akija kukaa hapa kwenu, mimi nafungua duka. Ya mwisho imeondoka juzi."

"Umeuza?" Sauti ya Mbwana ilipasuka. "Umemuuzia nani?"

"Waliokuja kununua."

"Bila kuniuliza?"

"Nikuulize wakati najua utakavyonijibu? Kitanda cha Khairat, kabati, magodoro, masufuria, vyote hivyo vinavyosubiri kupakiwa kesho, ulidhani nimevitoa wapi?"

Mbwana aliketi kwenye benchi kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Spana akamtazama Mwanamvua, akaitazama ekseli, akaokota spana yake.

"Basi mama, tuletee hilo kabati tulijaribishe hapa badala ya sili."