Kulfi kwa Mzee Bujiku

Jumatatu, 10 Agosti 1953. Shinyanga.

Leo nimepata akili kubwa. Naiandika kabla haijanitoka.

Mambo yenyewe ni haya. Jumapili Mzee Bujiku wa Tinde atasema binti yake Paskazia aolewe na nani. Wanaume tuko wawili. Mimi Pantaleo, karani wa stoo ya Bwana Jiwan, niliyesoma misheni ya Ushirombo na mwandiko wangu unasifiwa. Na Ignas, anayezunguka na bwana mifugo kuwachoma ng'ombe sindano. Ana baiskeli. Ana buti. Mzee ana ng'ombe sabini na wote wanamfahamu Ignas. Mimi ng'ombe wananikimbia.

Sindano siwezi kushindana nazo. Lakini mchana Mama Ramesh, mke wa Bwana Jiwan, alinionjesha kitu nyuma ya duka. Maziwa yaliyogandishwa, ya manjano, yenye iliki na zafarani, yamebanwa katikati ya nankhatai mbili, zile biskuti zao za samli. Maziwa hayo wenyewe wanayaita kulfi. Niling'ata. Nikakaa juu ya gunia la chumvi. Jino liliuma mpaka sikioni na bado nilitaka jingine.

Mzee Bujiku amekunywa maziwa maisha yake yote. Hajawahi kuyatafuna. Ignas kwisha habari yake.

Jumanne, 11 Agosti.

Tatizo ni friji. Mtaa mzima iko moja, ya Bwana Jiwan, inayowaka kwa mafuta ya taa, na Mama Ramesh haruhusu mtu kuigusa. Ningemwambia ni mambo ya posa angecheka, na kesho yake mtaa wote ungecheka. Kwa hiyo nimesema nina shangazi amelazwa Kolandoto, koo limefunga, hamezi ila kitu baridi.

Mama Ramesh alitokwa na machozi. Uongo safi kabisa. Sijui niliutoa wapi.

Akanifundisha hapo hapo. Malai, yale mafuta mazito ya juu ya maziwa, yapigwe mpaka yasimame yenyewe. Yamiminiwe maziwa ya kopo, yale mazito ya sukari. Iliki iliyotwangwa. Zafarani iliyolowekwa kwenye kijiko cha maziwa ya moto. Pista, zile njugu zao za kijani, zilizokatwakatwa. Halafu funika, weka kwenye friji, acha. Nikauliza kama hakuna kuchemsha wala kukoroga kila mara. Akasema mama mkwe wake alichemsha maziwa nusu siku, lakini tangu makopo yaje yeye ana kazi nyingine za kufanya. Neno "acha" alilisema mara tatu.

Jioni Stanslaus, dereva wa lori la pamba ambaye pia ni mshenga wangu, ameniletea barua ya Paskazia. Mistari mitatu. Nije mikono mitupu. Nimwamkie baba yake mpaka mwisho, bila haraka. Nisimtafute mama yake kwa sababu yoyote.

Maskini, ana haya. Hataki nihangaike.

Jumatano, 12 Agosti.

Mchuzi.

Nilifungua friji mara kumi na moja kutazama kama imeganda. Kila nikitazama, bado. Nikaona kosa ni taa ya chini, moto wake mdogo mno. Nikapandisha utambi ili friji ifanye kazi kwa bidii. Ikatoa moshi mweusi. Siagi ya Bwana Jiwan imekuwa nyeusi, na shati lake, na masharubu. Nimemweleza kwamba tambi za siku hizi ni mbovu.

Mama Ramesh amemtuliza mumewe. Amemwambia kijana ana mgonjwa.

Ijumaa, 14 Agosti.

Imeganda! Nankhatai nane zimejaa vizuri, ukigonga moja mezani inalia. Jana Mama Ramesh aliifunga friji kwa kufuli na ufunguo akauning'iniza shingoni. Nadhani haniamini. Ajabu.

Nilikuwa natafuta magunia ya kuzifungia kwa safari ya Tinde aliponiletea habari njema. Bwana Jiwan amekubali kutoa gari. Kesho wote watatu tunakwenda Kolandoto kumwona shangazi.

Nimekaa tena juu ya gunia la chumvi.

Jumamosi, 15 Agosti.

Kolandoto iko kaskazini. Tinde iko kusini. Kila nilivyozidi kwenda ndivyo nilivyozidi kumwachia Ignas.

Niliingia wodini na uso wa huzuni, ambao sikuhitaji kuutengeneza. Nikatafuta bibi aliyelala bila mtu wa kumtazama. Nikampata dirishani. Nikapiga goti, nikasema shikamoo shangazi. Nilikuwa tayari kuaibika.

Akaitikia marahaba bila kushtuka. Akaniuliza kwa nini nimechelewa.

Anaitwa Bibi Mageni. Mama Ramesh alimlisha kwa mkono wake. Koo halikuonekana kufunga. Alikula nne, akaagiza nne zilizobaki zigawiwe jirani zake, akamsimulia Mama Ramesh jinsi nilivyokuwa mkaidi tangu utotoni. Mama Ramesh alilia, Bwana Jiwan akapenga kamasi. Wakati wa kuondoka bibi alinishika mkono akasema nisirudi mikono mitupu.

Tumerudi saa saba mchana. Mama Ramesh amenifungulia kufuli kwa ajili ya bibi, nimepiga malai upya mpaka bega limekufa ganzi. Leo ni sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa na sikwenda misa. Nitaungama nikishaoa.

Jumapili, 16 Agosti. Tinde.

Naandika ndani ya lori.

Nilifika saa tatu asubuhi. Debe limezungushiwa magunia, ndani barafu na chumvi, nankhatai kumi ngumu kama matofali. Mzee Bujiku alikuwa uani na kaka yake na dada yake Apolonia. Ignas alishafika. Buti zimepakwa rangi.

Nikainama nikasema mwangaluka, salamu ya hapa ya asubuhi. Wakaitikia. Nikashika mfuniko wa debe.

Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Wakauliza ukoo wa baba. Nikautaja, wakaniamkia upya kwa ukoo huo. Wakauliza ukoo wa mama, wakaniamkia tena. Wakauliza mvua za Ushirombo. Wakauliza ng'ombe wa nyumbani, kisha ng'ombe wa babu. Babu ana mbuzi. Ikabidi nieleze kwa nini. Jua likapanda. Debe likaanza kudondosha maji, tone, tone. Nikaona niwasaidie wazee. Nikasema watu wote wazima, mifugo yote mizima, mvua zote zilinyesha, tuendelee.

Mzee akatazama chini. Halafu akaanza tena mwangaluka, polepole, kama kwa mtu aliyetoka usingizini.

Ignas akaniuliza kwa upole kama nina kidonda, maana kuna kitu kinavuja.

Nikachungulia. Zinalegea. Kwa desturi ya hapa mchumba hamkabidhi mzee chakula mwenyewe. Mshenga hukipokea, wanawake hukiingiza ndani, huko ndiko huliwa. Mshenga wangu alikuwa amelala chini ya lori lake anakaza nati. Nikawaza upesi. Chakula mwisho wake ni jikoni. Nikajaza sahani, nikakimbia nyuma ya nyumba, nikaingia jikoni.

Mama Paskazia alikuwa anasonga ugali. Tukatazamana uso kwa uso, hatua mbili. Nikasema shikamoo mama, onja upesi.

Sasa, hapa mwanamume na mama mkwe hawakutani. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia kichakani. Yeye alitafuta kichaka, mimi nikiwa nimeziba mlango. Akatupa mwiko, akajifunika khanga usoni, akatoka kwa kupasua ukuta wa mabua. Sahani ikaanguka. Ndama akaingia kwa tundu lile lile akalamba zote, na nankhatai.

Likakaliwa baraza. Nilitaka ardhi inimeze. Kaka wa mzee akasema nitozwe mbuzi. Mzee akasema sitozwi kitu, nipande lori niende zangu na nisionekane tena Tinde. Moyo wangu ulikufa hapo. Sikuiwaza kulfi. Nilimwaza Paskazia tu.

Ignas akasimama. Akasema hapana, kosa la ukwe si la kuachiwa hivi hivi, huyu alipe mbuzi wawili, mila ziheshimiwe. Alisema vizuri, nakiri.

Wakati huo nilimwona Paskazia kando ya ghala anamnong'oneza shangazi yake Apolonia. Bila shaka anauliza kama kuna nankhatai iliyosalia. Apolonia akakohoa. Akauliza: Ignas juzi alipokea maji mkononi mwa mama huyu huyu, alitozwa nini? Wakasema hakutozwa, yeye ni mtu wa sindano tu. Akauliza muuza chumvi hutozwa nini akimkuta jikoni. Wakasema hatozwi, si mkwe. Apolonia akasema basi anayetozwa ni mkwe peke yake, na Ignas mwenyewe, mbele ya watu, amesema Pantaleo atozwe.

Ignas akakaa. Kaka wa mzee akacheka mpaka akapaliwa. Kutoka ghalani alikojificha, mama yake Paskazia akasema, bila kuonekana, kwamba kama aibu hii imeshampata basi asiwe ameipata kwa mtu baki.

Mzee akamtazama binti yake muda mrefu. Paskazia hakuinamisha macho. Mzee akasema mbuzi wawili, na siku ya kuwaleta nije na mshenga asiyelala chini ya lori.

Nimekubaliwa! Nilitaka kulia na nadhani nililia.

Jumanne, 18 Agosti. Shinyanga.

Nimepima kwa makini kilichonipa ushindi. Ni kulfi. Ni kweli hakuna aliyeionja ila ndama, lakini harufu ya zafarani ilitanda ua mzima na ikawalainisha wazee. Ignas hakujua kilichompiga.

Barua ya Paskazia imefika leo. Nilete mbuzi wawili. Nisalimie mpaka mwisho. Nisibebe chochote kingine, na nisiingie mlango wowote mpaka niambiwe. Chini ameandika: tafadhali. Nimeisoma mara mbili nikacheka. Anajifanya tu. Harusi ni Oktoba na nimeshaamua. Wageni mia tatu, kila mmoja na kulfi yake.

Nikaenda kwa Mama Ramesh na uso wa huzuni. Nikamwambia shangazi amezidiwa, nahitaji friji kwa wiki nzima.

Mama Ramesh akashangaa. Akasema shangazi alipewa ruhusa jana, wao wenyewe walimfuata kwa gari, na sasa hivi amekaa ukumbini anakula kulfi ya tatu. Nikachungulia. Bibi Mageni akanipungia kijiko.

Nilifikiri haraka. Nikasema aliyezidiwa si huyu. Ni pacha wake.

Mama Ramesh akaanza kulia, akavua ufunguo shingoni. Na Bibi Mageni akaitikia kutoka ndani kwamba ni kweli, hali ya pacha ni mbaya, na kwa siku hula nane.