Alama Zangu za Ukomavu

Jumatatu, 6 Januari
Kiti cha mzee wa kanisa kimebaki kimoja. Tunaokitaka ni wawili: mimi, na Verlyn Dykstra, ambaye huegesha gari mahali pangu tangu tuhamie huku Iowa. Mchungaji Kuiper ameleta dodoso la ukomavu wa moyo na roho. Maswali arobaini na saba. Mwishoni unaambiwa wewe ni mtoto mchanga, mtoto, kijana au mtu mzima. Nimeshalijaza. Je, unapokea kukosolewa? Tano juu ya tano. Unyenyekevu nimejipa nne, maana tano ingekuwa majivuno. Mke wangu Marlys akachungulia, akacheka. Sikumsemesha mpaka chakula cha jioni.

Jumanne, 7 Januari
Balaa. Kumbe watu wawili wanaonifahamu nao wanajaza: Marlys, na Bi Tena, mjane jirani yetu. Nikaosha vyombo bila kutumwa. Marlys akaniuliza nimevunja nini.

Alhamisi, 9 Januari
Theluji mpaka magotini. Akili ni nywele, na mimi sina upara. Alfajiri nikabeba koleo, nikasafisha njia yote ya Bi Tena. Huku kwetu wema wa theluji hautangazwi. Ukiutaja tu, umeuharibu. Lakini hakuna andiko linalokataza kusahau glavu. Nikaisahau mlangoni pake, jina langu likiwa juu, kwa wino mweusi.
Saa nne hodi. Verlyn, na glavu yangu mkononi. Eti ameiokota kabla Bi Tena hajaiona, maana anajua mtu kama mimi asingependa ijulikane. Siri yako iko salama, ndugu yangu, akasema. Nikamshukuru. Sijawahi kuchoka hivyo kwa kushukuru.

Ijumaa, 10 Januari
Bi Tena alimwona Verlyn ameinama mlangoni. Sasa mtaa mzima unajua nani alisafisha njia. Verlyn amekana mara tatu, kama Petro, na kila akikana Bi Tena anamwona mnyenyekevu zaidi. Mimi hanitaji, si aliniahidi siri! Mgongo hauinuki. Marlys akanikanda kwa dawa. Nikamgombeza kwamba mikono yake ni ya baridi.

Jumapili, 12 Januari
Baada ya ibada, wenzangu wakila mikate na nyama ya nguruwe, Mchungaji akaniita ofisini. Verlyn ni mtu mzima. Kiti ni chake. Mimi ni mtoto mchanga. Nikadai hesabu irudiwe. Akanisogezea karatasi ya Marlys; mwenyewe alimruhusu anionyeshe. Swali la thelathini na moja, huomba msamaha akikosa, hakuweka alama. Aliandika: "Miaka thelathini na minne, bado nangoja. Nampenda, ila nimechoka."
Nilikaa garini mpaka vioo vikaganda. Iliniuma. Kweli iliniuma.

Jumatatu, 13 Januari
Mchungaji anasema Julai kuna kiti kingine, na dodoso linarudiwa. Leo saa mbili na dakika kumi asubuhi nimemwomba Marlys msamaha, wa yote, kwa jumla. Machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono, akasema asante, Harlan. Nikamwambia angoje kidogo. Nikaleta karatasi niliyoiandaa ya kumpelekea Mchungaji: tarehe, saa, na mahali pa kutia sahihi.
Amekataa kutia sahihi. Halafu mtoto mchanga ni mimi.