Maji ya Tangi Hayajaiva

Jumamosi, 2 Agosti

Tangi la samaki limefika! Fathiya kanitumia kwa gari la hoteli ya Kendwa anakofanya kazi. Wao wamenunua jipya. Nimeliweka sebuleni kwetu Amani, mgeni akiingia tu alione.

Sharti lake: nisitie samaki mpaka maji yaive. Anasema uchafu wa samaki ni sumu, lazima kwanza viote vijidudu vya kuila sumu hiyo. Nitie kamba wa baharini aoze humo, vijidudu vipate chakula, halafu nisubiri wiki kadhaa. Yeye ndiye atakayepima.

Wiki kadhaa! Posa yangu kwao haijajibiwa tokea mwezi uliopita, na sasa maji nayo yanataka kuposwa. Subira yavuta heri, kaniambia. Aliyesema hivyo hakuwa na jirani kama Sabri.

Jumatatu, 4 Agosti

Sabri anauza simu karibu na duka langu la mapazia, Mlandege. Ana tangi dukani, na samaki wa rangi ya chungwa, mmoja kigutu, mkia umekatika nusu. Leo kawaambia wateja wangu, mbele yangu, kwamba Wakil, yaani mimi, anapika maji bila ya moto. Wakacheka mpaka wakasahau mapazia. Hasidi mkubwa!

Lakini akili ninayo. Nimesoma kwenye simu: sponji la kuchujia maji la tangi la zamani limeshajaa vijidudu, ukilitia kwako maji yanaiva upesi. Nikamwendea Sabri kwa adabu zote. Akakubali kunipa lake, ila kwanza lazima nilisifu tangi lake kwa sauti mbele za watu. Nimesifu. Ulimi mchungu mpaka sasa. Sponji ninalo, jeusi, linanuka, zuri kabisa.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa! Bi Amne, shangazi yake Fathiya, kaleta salamu kuwa Ijumaa baada ya sala atakuja kumjulia hali khalati yangu, dada wa mama, Bi Zeyana, ninayekaa naye. Kumjulia hali! Nani asiyezijua ziara hizi? Anakuja kunichungua mimi, ndipo wazee wao watoe jibu.

Nimerudi kutoka dukani, nimekuta Bi Zeyana kapindua nyumba. Mazulia kayapiga, kuta kazifuta. Sponji langu kalitoa tangini, kalifua kwa sabuni na maji ya moto, kalianika, kisha kalifukiza udi. Kamba kampa paka. Kaniambia kwa fahari kwamba mgeni wa posa hanusishwi uvundo. Nimemwambia ahsante. Vijidudu vimekufa vyote, tena vimekufa vinanukia.

Nimetia kamba mwingine, mkubwa zaidi, nifidie.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimemwazima kigutu wa Sabri, kwa muda wa ziara tu. Tangi tupu mbele ya shangazi mtu ni sawa na kumwekea mgeni sinia tupu. Fathiya sikumwambia.

Bi Amne kaja na buibui jipya. Shikamoo, marahaba. Bi Zeyana kaweka visheti na chai. Nikasema samaki huyu nimemlea mwenyewe tokea mdogo. Bi Amne akamtazama sana. Akasema yeye hununua vocha kwa Sabri kila wiki, na kigutu huyo wanajuana.

Mara kigutu kapanda juu, mdomo nje, anatweta. Sumu! Sikuaga mtu. Nikamrudisha kwenye mfuko wake wenye maji ya kwa Sabri, nikatoka mbio, pindo la kanzu mkononi, miguu peku, mpaka Mlandege. Njiani watu wananiuliza nani kafa.

Kigutu kapona. Sabri kanicheka mpaka magharibi. Posa ndiyo imekwenda na maji. Nimelia kidogo, nimejifunika pazia la dirisha la mteja.

Jumapili, 10 Agosti

Jibu limekuja! Fathiya kapiga simu mwenyewe. Bi Amne kawaambia wazee: “Mwongo, kweli mwongo. Lakini kamwacha mgeni na visheti vyake kwa ajili ya kiumbe asiye wake. Uongo utamtoka, huruma haifundishwi.” Wazee wamekubali. Nimemkumbatia Bi Zeyana mpaka kanipiga kibao.

Sharti moja tu: harusi ni siku maji yatakapoiva, na Fathiya ndiye mpimaji. Wazee wanataka nijifunze subira. Nimemwambia nimefahamu, nimejifunza, mimi sasa ni mtu wa subira.

Kisha nikatoka. Mpishi wa pilau nshampa siku, Ijumaa ijayo. Ukumbi nshauweka. Sabri nshamwalika, akae mbele aone vizuri. Yaliyobaki ni maji tu, nayo yajitahidi.