Kwa Nini Wote Wanataka Kobe Wangu Watoke Nje?

Jumatatu, 8 Desemba

Chapo hajala, siku ya nne leo. Dengu anaonja tu. Hawa ni kobe wa maji wa binti yangu Ann, miaka kumi na mmoja, ambaye ameenda kwa nyanyake kule Entarara mpaka tarehe ishirini. Aliniachia mimi, si mamake. Alisema, Baba, nakuamini. Leo nimebonyeza gamba la Chapo. Linabonyea! Mtoto akirudi apate Chapo amekufa, nitamwambia nini?

Jirani yangu Ledama alichungulia juu ya fensi. Sopa, akanisalimu kwa Kimaasai. Epa, nikajibu, huku nikiangalia mikono yake. Akasema hao wanakosa jua, niwatoe nje kila asubuhi. Mtu mzima, ako na mbuzi wake arobaini, anahangaikia jua la kobe wa mwenzake? Hapo kuna kitu.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepata dawa! Kwa stoo kulikuwa na ile balbu nyekundu niliyolelea vifaranga mwaka juzi. Vifaranga mia mbili walikua nayo vizuri. Kobe wawili ni kina nani? Nimeining'iniza juu ya tangi lao la kioo, karibu kabisa, wasipunjwe.

Kufika saa moja jioni sebule yote ilikuwa nyekundu. Saa moja na nusu kina mama watatu wa kanisa wakabisha hodi. Wamekuja kuiombea nyumba. Wamesikia tumefungua baa! Nashuku Ledama. Virginia, mke wangu, amesema mwanga ulionekana mpaka barabarani, hakuna haja ya mtu kuwaambia. Anamtetea haraka sana.

Maji yamekuwa ya kuoga. Dengu amejificha chini ya jiwe. Hana shukrani.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimempeleka Chapo Kajiado kwa Dinah, daktari wa mifugo. Ndani ya ndoo yenye mfuniko, watu wasijue. Dinah alishika kichwa niliposema balbu ya vifaranga. Ati hiyo ni joto tu, na kwa ukaribu ule nilikuwa nachemsha supu. Ati kobe wa maji anataka mahali pakavu pa kupanda ajipashe joto, na pia ile miale ya jua inayokaza gamba. Ziko taa maalum zenye miale hiyo. Nikasema basi nitaweka tangi dirishani. Akasema kioo kinaizuia. Halafu, akinirudishia ndoo, akasema kwetu huku jua ni jingi, niwatoe nje kila asubuhi, na kivuli kidogo pembeni.

Nilisimama tisti. Maneno ya Ledama! Watu wawili, miji miwili, ushauri mmoja! Hiyo si bahati, huo ni mpango. Nikamuuliza kama ni wa ukoo wa Ledama. Akasema hamjui Ledama yeyote. Angesema nini kingine?

Jumamosi, 13 Desemba

Tangi liko dirishani. Dirisha limefungwa. Kioo kizuie miale, na mimi naona nje vizuri kabisa? Virginia naye amesema afadhali niwatoe nje. Sasa wamekuwa watatu. Ndani ya nyumba yangu!

Jumanne, 16 Desemba

Siku ya mtego: leo namkamata mwizi wa kobe. Niliweka karai uani, ndani mawe mawili ya mviringo kama kobe, juu jani la kabichi. Saa moja asubuhi nikajibanza nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Saa mbili Ledama akaja. Akainua jiwe moja. Akaligonga kwa kidole. Kisha akapaza sauti upande wa pazia: hongera Baba Ann, gamba limekaza sana. Alijuaje niko hapo?

Nililinda yale mawe mpaka saa nne. Kurudi sebuleni, tangi tupu! Nikatoka mbio kwa Ledama bila viatu. Kumbe! Beseni pana, maji kidogo, kipande cha mbao, gunia la kivuli upande mmoja, waya wa kuku juu. Na Virginia ameketi pale anakunywa chai na Resian, mke wa Ledama! Amekuwa akiwapitisha kobe mlango wa nyuma tangu Jumapili, mimi nikiwa bado nakoroma, na leo nikiwa nyuma ya pazia.

Nilikuwa nimefungua mdomo nipige kelele. Chapo alikuwa juu ya mbao, shingo nje, miguu ameinyoosha nyuma. Akateremka, akang'ata jani la sukuma. Akang'ata tena! Machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi. Virginia akasema watakuwa wakija hapa mpaka Ann arudi, ama nimweleze mtoto mimi mwenyewe. Nikakubali. Lakini nilihesabu kobe mara mbili kabla ya kuondoka.

Jumamosi, 20 Desemba

Ann amerudi. Chapo alikula mkononi mwake. Akauliza nimewafanyia nini, mbona wamechangamka hivi. Nikasema niliwawekea taa. Virginia akakohoa. Kule ng'ambo ya fensi Resian naye akakohoa. Wana ishara zao.

Jumapili, 4 Januari

Kesho nampeleka Ann shule ya bodingi. Leo, mbele yangu, amebeba kobe mpaka kwa Ledama, akamwomba akae nao mpaka shule zifungwe Aprili. Akanigeukia akasema nisikasirike, ananipenda, lakini akirudi anataka kuwapata wakiwa hai.

Hilo limeniuma. Limeniuma sana. Nilisema sawa, nikaingia choo, nikakaa huko mpaka Virginia akaja kugonga.

Nimefikiria vizuri. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kujitungia maneno kama hayo. Kuna mtu anamfundisha. Kesho, kabla hata sanduku lake halijashuka, mwalimu wake wa sayansi atanieleza vizuri ni nani amemtuma.