Dagaa Ndani ya Piano

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Barua kutoka Musoma! Florian anakuja Murangi Jumamosi kunisikiliza. Yeye na bendi yetu ya zamani wanakwenda kurekodi redioni na wanataka mpiga piano. Miaka tisa tangu niiache kwa hasira, eti gitaa linapendelewa. Ujinga gani ule! Nikisikia redio ya jirani, moyo unaniuma. Safari hii sikosei.

Jumatano, 4 Septemba
Clementi, bwana stoo wa kijiji, anapita nyumba kwa nyumba. Anasema dagaa wa mtumbwi wa pamoja wanapungua. Kwangu alitazama hadi chunguni. Hakupata kitu. Wamo ndani ya piano, madebe mawili, tangu Julai. Nani atafikiria piano? Mke wangu Pelagia anataka niwarudishe, nifanye mazoezi. Nikamwambia vidole vyangu havijasahau. Nikaenda kulala.

Jumamosi, 7 Septemba
Aibu. Florian alikuja na tai shingoni. Nusu ya kijiji uani. Nikanyoosha vidole, nikabonyeza. Tik. Tik. Basi! Florian akafungua kifuniko aone kuna nini. Dagaa. Na panya, mama na wanawe. Walifuata dagaa, kisha wakatafuna sufu yote ya nyundo zinazogonga nyuzi. Clementi akauliza hiyo piano inavua upande gani wa ziwa. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Florian hakucheka. Alisema amewaapia wenzake kwamba Mara nzima hakuna mkono kama wangu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 8 Septemba
Clementi kachukua dagaa wote. Nimepangiwa kuchimba choo cha shule, peke yangu. Jioni nikakaa mbele ya piano nikalia. Nafasi ya kwanza niliiua kwa kiburi, ya pili kwa tamaa. Pelagia hakunisema. Alitoa koti la sufu la marehemu baba yake, akaanza kulikata vipande vya kuvalisha nyundo. Alisema tu, “Hili baba alikuwaga analivaa Krismasi.” Nikaona haya hata kumshukuru.

Jumanne, 10 Septemba
Piano inalia! Na Florian ametuma neno: Jumamosi anarudi, mara ya mwisho. Nimemwapia Pelagia kwamba humo ndani hataingia dagaa hata mmoja. Kiapo nakishika. Leo tumepura mtama wa kijiji. Mtama hauna harufu kabisa. Debe moja limeenea vizuri, chini ya nyundo.