Lori la Babu na Macho ya Mwanaidi

Jumatatu, 8 Septemba

Kwa hiyo lawama si zangu peke yangu. Nyingine ni za macho ya Mwanaidi. Yaliniangalia siku ya harusi, nikajikuta nimesimama mbele ya wakwe zangu wote naahidi: safari ya kwanza ya kumpeleka binti yao Bungu kusalimia itakuwa kwa lori langu mwenyewe. La marehemu babu. Limelala nyuma ya nyumba hapa Sindeni miaka sita. Bungu nzima inasubiri honi.

Leo nimeazima betri, nikajaribu kuliwasha. Injini haizunguki hata kidogo. Mwanaidi alinishikia tochi nione ndani. Nilimwona yeye tu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwita Habakuki, fundi wa Korogwe. Alitia spana kwenye puli ya injini, akaning'inia nayo. Wapi! Akasema imenoki, imekufa kabisa, nimwachie lori alikate auze chuma chakavu.

Nikamjulisha kwamba fizikia ya kidato cha nne nilipata C. Hii ni kutu tu kwenye silinda. Nikafungua nozeli zinazopulizia dizeli kwenye silinda, nikamimina oili na dizeli kila tundu mpaka ikafurika. Mwanaidi aliuliza kama si nyingi. Nikamwambia mapenzi hayapimwi kwa kijiko. Akacheka mpaka akakaa chini. Mke wangu!

Ijumaa, 12 Septemba

Imesogea! Robo mzunguko, lakini nimeiona. Nikarudisha nozeli haraka, nikakaza, nikamwita Habakuki aje ashuhudie aibu yake. Mwanaidi akavaa gauni jipya. Nikabonyeza stata.

Tk. Basi.

Habakuki akaniuliza taratibu, "Kaka, mazishi saa ngapi?"

Mwanaidi yeye hakucheka. Aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nadhani ni huruma.

Jumapili, 14 Septemba

Nipo chini ya lori, kifua wazi, bukta imepasuka nyuma, nasikia hodi. Mama mkwe! Kachoka kusubiri, kapanda basi.

Kwetu huwezi kutokea mbele ya mama mkwe ukiwa hivyo. Nikatulia kama jiwe. Akawekewa kigoda karibu na miguu yangu, akala, akasimuliwa kila kitu. Saa nzima. Siafu wakanipata. Mwishowe akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia:

"Muulize mwenzio, hayo mafuta aliyojaza humo, aliyatoa kabla ya kufunga?"

Mwanaidi akainama kuniuliza. Nikajibu kwamba hilo nilikuwa nalifikiria.

Pistoni zingepanda vipi, na juu yake nimezijazia mafuta? Mama mkwe alipoingia ndani kuswali nikachomoka, nikafungua nozeli, nikabonyeza stata. Mafuta yakaruka mpaka kwenye bati, na kwenye shati jeupe la Habakuki, aliyekuja kuulizia chuma chake. Nikafunga tena, nikawasha. Ikanguruma! Moshi kila mahali, na Mwanaidi shingoni kwangu, grisi na yote.

Jumatatu, 15 Septemba

Mama mkwe kakataa lifti, karudi kwa basi. Habakuki kalizunguka lori mara moja, kasema breki hazishiki kabisa, na barabara ya Bungu ni mlima na kona juu ya kona. Nimemshukuru. Breki nitazichunguza mwenyewe.

Mwanaidi ameshachagua kanga ya safari. Jinsi anavyopendeza! Nimemwambia ampigie mama yake simu: kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwake. Sioni kitakachotusimamisha.